Maisha ya Mzee Emilian Doto Misigalo, Aliyejengea Ndege Ndogo Nyumba Isiyo na Upepo

Mapadri, wazee wa ukoo, majirani wa Kwihara na Tabora mjini, na ninyi mliotoka Lusu, Isikizya, Usinge na Ulyankulu: walio juani wasogee chini ya turubai. Wasifu huu ni mrefu kidogo kuliko ilivyozoeleka, na utasomwa wote. Umeandikwa na Shija, dada wa marehemu, kwa idhini ya mjane na ya kikao cha ukoo kilichokaa juzi Alhamisi.

Marehemu Emilian Doto Misigalo alizaliwa Kwihara, Jumapili tarehe 14 Mei 1961, muda mfupi baada ya pacha wake, Fidelis Kulwa. Baba yao, Mzee Misigalo, alikuwa mnunuzi wa nta na asali. Mama yao alikuwa Kalunde. Babu wa baba yao alikuwa mpagazi wa misafara. Alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji hadi pwani, na inasimuliwa kwamba bega lake la kulia lilikuwa gumu kama kwato. Doto alipenda kusema, "Yeye alibeba mpaka bega likaota sugu. Mimi ndege yangu nikiiweka begani, lazima nigeuke nitazame kama ipo."

Mapacha hawa walifanana kupita kiasi. Mama yao aliwatambua kwa namna walivyopumua usingizini. Baba yao hakuwatambua kabisa, na hakuona haya kusema hivyo. Ukoo wetu umejaliwa mapacha tangu zamani, na una desturi zake kwao. Walipoanza kung'oka meno ya utoto, bibi yao aliwakalisha kwenye mkeka mmoja akawaambia: "Pacha hamkani pacha mwenzake mbele za watu. Akisema mmoja, wamesema wote wawili. Atakayemkana mwenzake amejikata ulimi mwenyewe." Desturi hiyo hudumu mpaka mmoja wao atangulie. Tunawaomba muikumbuke, kwa kuwa ndiyo iliyomfunga marehemu mdomo kwa miaka minne, nayo ilifunguka Jumanne alfajiri alipokata roho.

Doto alisoma shule ya msingi hapa Kwihara kuanzia mwaka 1969 hadi 1975. Wakiwa darasa la nne, mapapai ya mwalimu mkuu yalichumwa yakaisha. Kulwa alipoulizwa alijibu, "Ni sisi, mwalimu." Doto hakuwa ameuona hata mti. Walichapwa wote wawili, na Doto hakumkana. Njiani kurudi nyumbani Kulwa alikuwa akicheka.

"Si afadhali tumegawana?" alisema.

"Mimi sijala papai."

"Basi nimekula na la kwako."

Kwa miaka mingi tumelisimulia jambo hili kwenye sherehe za familia na watu wakacheka. Leo tunalisimulia wala hatucheki.

Alimaliza kidato cha nne hapa Tabora mwaka 1979, akaenda Kigoma kusomea hali ya hewa. Ni huko, ndani ya darasa lililofungwa madirisha, ambapo mkufunzi mmoja alirusha kindege cha vijiti kilichoendeshwa kwa ukanda wa mpira uliosokotwa. Kilizunguka juu ya vichwa vyao taratibu, kama mtu anayefikiri, kikapanda hadi karibu na dari, kikashuka kikakaa mezani. Doto alisimulia kwamba hakuna mwanafunzi aliyethubutu kupiga makofi, kwa sababu makofi yangekiangusha.

Mwaka 1982 aliajiriwa kituo cha hali ya hewa katika uwanja wa ndege wa Tabora, akakaa hapo mpaka alipostaafu Mei 2021. Mchana alipima upepo. Jioni alitafuta mahali ambapo upepo haufiki. Ndege zake alizitengeneza kwa kiini cha bua la mtama, akikichonga kwa wembe mpaka mwanga upenye, na mabawa aliyavika nailoni nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Alijaribu kwanza kuzirusha nje, uwandani, kabla jua halijachomoza. Moja ilichukuliwa na upepo ambao kipimo chake kilisema haupo, ikaokotwa Isikizya na mama aliyekuwa akipalilia karanga. Mama huyo aliileta mwenyewe mjini. "Mdudu wenu huyu hapa," alisema. "Nimempa maji hataki."

Baada ya hapo alielewa jambo ambalo alilirudia maisha yake yote: ndege ya nje ina anga, lakini ndege ya ndani haina kwao mpaka ijengewe. Alizunguka mji huu akiomba nafasi. Bwalo la shule lilikuwa na dari fupi. Kanisani, Padri alimruhusu siku za wiki, lakini popo walikuwa wameshakaa kabla yake. Ukumbi wa mikutano ulikuwa na madirisha pande nne, na wenye mikutano walitaka yote yawe wazi. Kila ukumbi wa Tabora umejengwa ili upitishe hewa, na hakuna wa kulaumiwa, kwa joto hili. Yeye alitaka ukumbi unaoikataa.

Mwaka 1987 alikutana na Advera, muuguzi kutoka Bukoba aliyehamishiwa hapa kikazi. Alimwonyesha ndege yake siku ya kwanza alipomtembelea, kosa ambalo mwanamume mwingine asingelifanya. Advera aliuliza ina uzito gani. Doto alifikiri mfano ambao binti wa Kihaya angeuelewa, akajibu, "Senene wawili."

"Kwetu kitu cha uzito huo tunakikaanga," alisema Advera.

Walifunga ndoa parokiani tarehe 9 Septemba 1989, wakajaliwa watoto wawili, Samweli na Nyamizi. Ndoa yao ilikuwa na amani. Ugomvi wao pekee tunaoujua ulihusu chandarua kipya cha kitanda, ambacho Doto alikitundika sebuleni ili kizuie upepo wa mlangoni.

Mzee Misigalo alifariki mwaka 2003. Siku ya kumaliza msiba, wazee walitangaza kwamba nyumba ya Kwihara ni ya Shija, na ghala la nta lililo karibu na reli ni la Kulwa na Doto, lisigawanywe. Ghala hilo lilikuwa limelala tangu biashara ya nta ilipohamia kwingine. Kuta zake ni nene, paa lake ni refu kuliko la kanisa, na madirisha yake ni machache na madogo, kwa sababu nta haipendi jua. Doto aliingia humo akiwa ameshika unyoya wa kuku, akauachia, ukashuka wima mpaka miguuni pake. Alikaa chini. Kulwa alikuwa naye siku hiyo. Alisema, "Chukua, mdogo wangu. Linatumiwa na panya tu." Maneno hayo aliyasema mbele ya watu, na kwa desturi yetu yalikuwa yao wote wawili.

Kazi ilianza mwaka 2009. Doto aliziba kila tundu la paa kwa mkono wake. Alishona magunia ya katani, akayatandaza chini ya mabati yawe dari, ili joto la bati lisisukume hewa. Mlangoni alijenga chumba kidogo chenye milango miwili, wa pili usifunguliwe mpaka wa kwanza ufungwe. Sakafu aliisawazisha na kuipaka nta ile ile iliyobaki kwenye nyufa, na kwa hiyo ukumbi ulinukia asali mpaka siku ya mwisho. Ulifunguliwa Jumamosi tarehe 4 Agosti 2012. Masharti yalikuwa machache: viatu vinavuliwa nje, kutembea ni polepole kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa, na mwenye kikohozi akakohoe barabarani. Kwa miaka tisa hakuna aliyeingia humo na viatu, hata Mkuu wa Wilaya, aliyeonekana siku hiyo na soksi yenye tundu, akacheka mwenyewe.

Waliokuja kujifunza walikuwa wa kila namna. Alikuwepo Hafsa, fundi cherehani wa mjini, ambaye mkono wake ulivika mabawa bila mkunjo hata mmoja. Alikuwepo Irakoze, binti wa wakulima wa tumbaku wa Ulyankulu, aliyesafiri na ndege yake ndani ya boksi la biskuti, ameipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Hawa na wenzao waliunda chama cha warusha ndege, na walimwita Mwalimu. Kupitia kwao alianza kazi ambayo hakuimaliza. Aliona kwamba kando ya njia ya zamani ya misafara kuna majengo marefu yaliyoachwa: maghala ya pamba, mabani ya kukaushia tumbaku, stoo za stesheni. Alisema misafara ilikuwa na vituo vyake vya kupumzikia, na ndege hizi nazo zinastahili vituo vyao, kutoka hapa hadi Ujiji. Ghala la pamba la Lusu lilizibwa matundu mwaka 2016. Bani la Usinge lilifuata mwaka 2018. Yote mawili yapo na yanarushiwa ndege mpaka leo. La Tabora, mama yao, ndilo halipo.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa. Juni 2021, mwezi mmoja baada ya kustaafu, marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akapelekwa Mwanza kwa matibabu, Advera akifuatana naye. Kabla ya kuondoka alijua kwamba Kulwa alikuwa amewaleta watu ghalani mara mbili kupima ukubwa wake kwa ajili ya ukumbi wa harusi. Hakumkana. Aliwaambia wanachama wake tu, "Msitoke humu kwa neno la mtu yeyote mpaka mje mlisikie kwangu mimi mwenyewe."

Kulwa alilipata neno hilo. Jumamosi tarehe 17 Julai alikwenda nyumbani kwa pacha wake, akamwambia Nyamizi anahitaji koti la kaki na miwani ya baba yake, avipeleke Mwanza. Nyamizi alivitoa. Ni binti gani atamnyima baba yake mkubwa koti la mdogo wake? Kulwa alilivaa koti, akavaa miwani, akaenda ghalani, akaingia kwa milango yote miwili ikiwa wazi.

Irakoze alikuwa na ndege yake hewani. Ilianguka kwa upepo wa mlangoni. Aliiokota, akamwamkia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Tunaomba neno hili lisikike. Aliitikia marahaba isiyokuwa yake. Kisha akasema, "Kusanyeni vidude vyenu mtoke. Nimechoka kulea michezo ya kitoto. Hapa panawekwa pangaboi."

Hafsa alijaribu kusema, "Mwalimu, si ulituambia tusitoke mpaka…"

"Mpaka niseme mwenyewe. Si ndiyo hivi nasema?"

Walitoka. Irakoze aliiweka ndege yake kizingitini, akaikanyaga mwenyewe, akaenda stendi bila boksi. Miaka hii yote amekuwa akijiuliza jambo moja, na juzi ametuambia: "Tuliona ameingia na viatu. Tukadhani ni hasira."

Jioni ile ile Kulwa alilirudisha koti, akapita nyumbani kwa Shija, akala vizuri, akasema, "Nimewaondoa wala sikupandisha sauti. Uso tu." Alisema huku akinawa mikono.

Marehemu alirudi kutoka Mwanza mwezi wa Septemba. Alikuta mapangaboi manne yananing'inia mahali pa magunia yake, na spika kubwa kuliko kabati zimeegemea ukuta. Alikwenda kwa Kulwa, Shija akiwepo.

"Ulivaa koti langu," alisema Doto.

"Nililirudisha."

"Na uso?"

"Uso ni wa mama, Doto. Hukuununua." Kulwa alimsogezea kiti. "Kama una la kusema, inuka kwenye mkutano useme. Nikane. Waambie ndugu yako ni mwongo. Nakusubiri."

Alijua hatainuka. Kwa muda wa miaka sitini alikuwa amejua kwamba hatainuka.

Hivyo marehemu alibeba. Mjini vijana walimwita Mzee Pangaboi, na waliomwita hivyo ni wale wale aliowafundisha kutembea bila kutikisa hewa. Alipomwona Hafsa sokoni, Hafsa aliinamia vitambaa vyake. Irakoze alivuka barabara. Mwanachama mmoja alimfuata mpaka mlangoni akamwambia, "Ungetuua kuliko kututupa." Doto alijibu, "Nimekusikia, mwanangu," akafunga mlango, na Advera anashuhudia kwamba hakula siku hiyo. Advera alitaka kusema. Nyamizi alitaka kusema. Aliwakataza wote, akamwita Shija peke yake, ambaye kwa desturi ni mtoto anayewafuata mapacha na ndiye anayewasemea wasipoweza. Alimwambia, "Nikiwa hai, ni mimi niliyewafukuza. Nikifa, si mimi. Utawaambia?" Shija alisema atawaambia. Anawaambia.

Hakuwa yeye. Hafsa, hakuwa yeye. Irakoze, aliyekuitikia shikamoo yako siku ile yuko hapa, na hajawahi kukurudishia. Jina la Mzee Pangaboi tunalichukua leo kutoka juu ya jeneza hili na kumkabidhi mwenyewe.

Afya ya marehemu ilidhoofika zaidi mwaka huu. Alisafishwa damu mara kwa mara huko Mwanza, na wauguzi wanakumbuka kwamba aliomba feni ya chumbani izimwe kidogo, akawarushia ndege juu ya vitanda, na wagonjwa wakaacha kugeukageuka ili isianguke. Mwezi Agosti alirudi nyumbani akijua anarudi kufanya nini. Padri Viktori alimtembelea wiki mbili zilizopita. Haya hayatoki kwenye maungamo. Yalisemwa wakinywa chai, na Padri ameruhusu yasomwe.

"Mzee Doto, umewasamehe wote?" aliuliza Padri.

"Wote. Kasoro mmoja."

"Yupi huyo?"

"Ukimwona utadhani ni mimi."

Padri alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Alimwomba afikirie tena. Doto alisema ameshafikiri miaka minne, na kwamba Mungu akitaka kumsamehe mtu huyo ni shauri lake, kwa kuwa Yeye hakuvuliwa uso. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, alfajiri, siku ambayo yeye na Advera walitimiza miaka thelathini na sita ya ndoa. Madirisha yalikuwa yamefungwa, kama alivyopenda.

Marehemu aliacha wosia ulioandikwa mbele ya wakili. Kwa kuwa ghala ni la mapacha wote wawili na wazee walisema lisigawanywe, yeye hakuligawa. "Ukuta haugawanyiki," aliandika, "lakini wiki hugawanyika." Sehemu yake ameiachia chama cha warusha ndege, nacho kitalitumia ghala kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Ijumaa ni ya kuacha hewa itulie. Siku hizo mapangaboi yatashushwa, spika zitatolewa, na milango itafungwa. Hizo ni siku tatu kati ya saba, pungufu ya haki yake. Kulwa amebaki na Jumatatu hadi Alhamisi, na ukumbi wake ni mzuri. Anayetaka kuoa Jumanne na amwone.

Kikao cha ukoo kilimwita Kulwa juzi kilipoyasikia haya, kikampa nafasi ya kujieleza. Alisema, "Marehemu mwenyewe hakulalamika." Kwa hiyo kikao kimeamua hivi. Kwa desturi yetu, pacha anayebaki ndiye hutangulia kutia udongo kaburini. Leo watatangulia waliofukuzwa, Irakoze akiwa wa kwanza, kisha Hafsa na wenzao wote, kisha mjane, watoto, ndugu na majirani. Udongo ukibaki, Kulwa naye atatia.

Marehemu ameacha mjane, Advera, watoto wawili, Samweli na Nyamizi, wajukuu watatu, dada yake, Shija, ukumbi wa Lusu na ukumbi wa Usinge, na wanafunzi ambao kuanzia leo wanajua walikuwa na mwalimu wa namna gani. Ameacha pia pacha, Fidelis Kulwa Misigalo, yule pale mwenye suti ya kijivu. Mtazameni vizuri. Mkikutana naye mjini msimwamkie mkidhani mmemwona marehemu. Na kila asubuhi atakaponyoa ndevu, atakayemtazama kwenye kioo ni Doto.

Mungu amlaze Emilian Doto mahali palipotulia, apumzike kwa amani yake yote. Kulwa, kaka yetu, wewe kesha.